Siku Tuliyoichunguza Ubelgiji Pale Baraka

Katika ukoo wetu binti haolewi kabla mwanamke mmoja wa kwao hajaenda kulala nyumbani kwa mchumba. Sisemi kutembea na kurudi. Anakwenda kulala, siku kadhaa, amebeba unga na samaki wakavu ili asionekane mzigo, na akishafika kazi yake ni kufumbua macho. Choo kiko wapi. Maji yanatoka mbali kiasi gani. Wanaume wa pale wakikasirika wanatoka nje au wanabaki ndani. Kisha anarudi, anakaa mbele ya wazee na kusema alichokiona, nao wanaamua.

Kazi hiyo nimeifanya zaidi ya mara moja. Nimelala Nundu kwa ajili ya binamu yangu, nikarudi na habari njema. Nimelala Ubwari kwa ajili ya binamu mwingine, nikarudi na habari za baba mkwe anayerusha sahani. Uchumba ulivunjika, na watu wale mpaka leo tukikutana sokoni wanaangalia nyanya. Mimi sina neno. Sahani nilizihesabu zikipita.

Zamu ya mdogo wangu ilipofika, mchumba alikuwa anakaa Ubelgiji.

Lazima nieleze kuhusu huyu mdogo wangu. Mama alifariki akiwa bado anamnyonyesha, na mimi nilikuwa msichana wa shule. Baba alifuata baadaye. Alikua akiniita yaya, kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa. Nimembeba mgongoni, nimemfundisha kutembea, kusoma na kujibu watu vibaya, na hilo la mwisho amenishinda. Akawa mshonaji wa nguo za shule hapa Baraka, mwenye mkono mzuri na wateja wengi. Siku moja akaja kijana wa Nundu aliyekuwa amerudi kutoka Ulaya kumzika baba yake. Alileta suruali ipunguzwe. Suruali ile moja ilichukua muda ambao mimi, nisiyejua kushona, ningemaliza turubai la kambi nzima. Nilipouliza ina shida gani, mdogo wangu akasema ni kitambaa cha kizungu, ni kigumu. Kijana akarudi zake Antwerpen, mji wa bandari, ambako anaendesha mashine ya kunyanyua mizigo, na simu ya mdogo wangu haikupoa tena.

Baba mkubwa ndiye mkuu wa ukoo. Anakaa Ubwari, ana mitumbwi na nyavu, na maneno yake hayarudiwi. Alipopata habari za posa alinitumia ujumbe mfupi: niende nikaone. Nilimpigia simu kumweleza kwamba Ubelgiji haiko upande wa Kalemie. Akanijibu kwa upole unaokera:

“We unafundishaka Ubelgiji kila mwaka. Sasa unashindwa kutuambia batu bake?”

Hapo nikaelewa kosa lilipo. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Baba mkubwa, kwa miaka yote niliyofundisha, aliamini kwamba nilishafika kila nchi ninayoifundisha. Kwake mtu aliyefundisha watu kuvua bila kulowa ni tapeli, na hakuwahi kufikiri kwamba serikali inaweza kuajiri matapeli kwa mamia na kuwapa chaki. Nilimwambia nimefika Bukavu, Kalemie na Kigoma, basi. Kisha akauliza kama wazazi wanaolipa karo wanalijua jambo hili.

Alipopoa akatoa hukumu. Nitasimama mbele ya wazee na kusema habari za Ubelgiji kama mtu aliyelala kule. Watauliza maswali yale yale ya siku zote. Kama nchi ni nzuri, msichana ataolewa. Kama ni mbaya, kijana atafute mke kwa hao majirani zake.

Nilitangaza mapema, mbele ya mdogo wangu na mbele ya kila mtu, kwamba mimi sitaki. Sikulea mtoto ili apelekwe mahali nisipoweza kwenda hata nikiugua hamu. Nilisema nitaeleza ukweli wote wa nchi ile, na ukweli wenyewe utatosha kuizika posa. Mdogo wangu alikuwa akishona. Aliendelea kukanyaga cherehani yake, na nadhani aliikanyaga kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Nilijiandaa kama ninayekwenda kwenye mtihani wa serikali. Kitabu cha shule kilikuwa cha zamani, nchi yetu wenyewe imeandikwa humo kwa jina ililoliacha. Prefe, yaani mkuu wa shule yetu, akaniazima ramani ya Ulaya inayokaa nyuma ya kabati. Mchwa walikuwa wamekula Ureno yote na nusu ya Hispania. Ubelgiji ilikuwa salama, kwa bahati mbaya. Yaliyobaki niliyatafuta kwenye simu, nimesimama chini ya mnara ambako mtandao unapatikana, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyofurahi. Nchi ile ilikuwa na aibu za kutosha.

Tulikutana Jumapili baada ya kanisa, nyumbani kwetu. Baba mkubwa alikuwa amevuka ziwa na wazee wengine wawili ambao kazi yao ilikuwa kukubali anachosema. Upande wa mchumba alikuja shangazi yake kutoka Nundu, mama mnene mwenye sauti nzito, amefika kwa pikipiki na vumbi lake lote. Mdogo wangu alikaa nyuma ya pazia la chumba, kama desturi inavyotaka, asikie bila kuonekana. Pazia ni fupi. Miguu yake tuliiona muda wote.

Nikatundika ramani kwenye msumari wa kalenda, nikaanza na ukubwa. Nilisema Ubelgiji ni ndogo. Ukichukua wilaya yetu ya Fizi ukaiongezea Fizi nyingine, umeipata yote, na mfalme wake ndani. Wazee walitazamana kwa huruma. Pwani yake, nikasema, ni fupi kuliko njia ya kutoka hapa kwenda Uvira, na bahari yenyewe ni ya baridi, rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Kaskazini ni tambarare tupu. Kusini kuna vilima na misitu, lakini kilima chao kirefu kuliko vyote hakifikii hata usawa wa ziwa letu hili.

Baba mkubwa akaniomba nirudie. Nikarudia: chukua ncha ya kilima chao kile, iweke hapa, ziwa litaifunika na boti zitapita juu.

“Kumbe banaishi chini ya maji yetu,” akasema, na hakuficha jinsi lilivyompendeza. Mzee wa kulia akasema basi msichana hatapata shida ya kupanda milima kama watu wa Bibokoboko na ng'ombe wao. Shangazi akaitikia kwamba magoti ya mwanamke ni mali. Nikaona pointi ya kwanza imenitoka mkononi, nayo nilikuwa nimeitegemea.

Mvua, nikasema. Inanyesha huko bila mpangilio, nyembamba, siku nyingi, na jua wanalisikia kama habari za ndugu aliyehama. Shangazi akauliza kama mihogo inaoza. Nikasema hawalimi mihogo. Akasema basi mvua inamdhuru nani.

Nikaingia kwenye serikali, na hapa nilikuwa nimenoa kisu. Nilieleza kwamba wana mfalme, lakini mfalme haamui kitu. Anavaa, anafungua majengo, anatia saini. Wanaoamua ni mawaziri. Na mawaziri ni wengi kupita kiasi, kwa sababu nchi ndogo ile imegawanyika vipande. Kaskazini wanasema Kiholanzi, kusini Kifaransa, na mashariki kuna kipande cha Wajerumani ambao hakuna anayewakumbuka. Mji mkuu, Brussels, una serikali yake pia. Kila kipande kina bunge na kila lugha ina ofisi zake. Wanagombana tangu babu zao, bila kupigana, wanagombana kwa karatasi. Mtu wa kaskazini anaweza kukijua Kifaransa vizuri na akakataa kukijibu.

Wazee walinisikiliza kwa utulivu wa watu wanaosikia habari za nyumbani. Baba mkubwa aliuliza tu kama wanachomeana nyumba. Nikasema hapana. Wanaibiana ng'ombe? Hapana. Basi hao, akasema, hawajagombana bado, wanazoeana.

Ndipo nikatoa kombora langu. Niliwaambia kwamba watu hao waligombana baada ya uchaguzi mpaka wakashindwa kuunda serikali, na nchi ikakaa zaidi ya mwaka mzima na mawaziri wa muda wasioruhusiwa kuanzisha jambo lolote. Na hawakujifunza, kwa sababu miaka michache baadaye wakarudia. Nilisema nikiwa nimeweka mikono kiunoni. Nani atamtoa binti yake kwenda kwenye nyumba isiyo na mwenyewe?

Baba mkubwa akajivuta mbele ya kiti.

“Mwaka muzima bila serikali. Na mwalimu analipwa?”

Nikasema alilipwa.

“Hospitali inafunguliwa? Dawa iko ndani?”

Nikasema ndiyo. Akauliza barabara, nikasema zilipita magari. Akauliza askari, kama walianza kusimamisha watu njiani na kuwaomba kitu kidogo. Nikasema sikusoma jambo kama hilo. Akauliza taa za umeme, nikasema ziliwaka, usiku wanaziwasha hata kwenye barabara kuu za magari ambako hakuna nyumba. Mzee wa kushoto, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu afike, akacheka mpaka akakohoa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisubiri mshahara uliokuwa umechelewa, na wote pale walijua, maana mchuzi wa mchana ule ulikuwa umeletwa na shangazi.

“Sisi tuko na serikali kila siku,” baba mkubwa akasema, “na tazama. Endelea na maneno ya hiyo inchi. Inaanza kunipendeza.”

Pale nikajua nimepotea. Lakini mwalimu haachi somo katikati. Nikaenda kwenye uchumi. Nilisema wale watu ni hodari wa kuuza wasichokuwa nacho. Chokoleti yao ina sifa dunia nzima, na mti wa kakao hauoti hata mmoja kwao. Almasi zimepita Antwerpen kwa wingi, kukatwa na kuuzwa, na huwezi kupata almasi ukichimba shamba la Mbelgiji. Makaa ya mawe waliyachimba mpaka wakafunga mashimo. Sasa wanaishi kwa viwanda, dawa, bia na bandari, ile ambako mchumba wetu ananyanyua mizigo, kubwa kiasi kwamba mizigo ya nchi nyingine inapita hapo ndipo iende kwake.

Baba mkubwa akauliza kakao inatoka wapi. Nikasema Afrika. Akauliza almasi. Nikasema nyingi zilitoka kwetu. Akaguna. Mtu asiye na shamba na anashiba kila siku, akasema, ama ni mchuuzi mwenye akili ama ni mwizi, na kwa ndoa inabidi kujua ni yupi. Nikaona mwanya. Nikamkumbusha kwamba watu hawa tunawajua. Walikuja hapa wakati wa babu zake, wakakaa, wakala, wakabeba, wakachapa watu viboko, na siku ya kuondoka mahari hawakuacha. Hili halikuwa la kuchekesha na hakuna aliyecheka. Baba mkubwa alikuwa na babu aliyejenga barabara ya Fizi bila malipo, na kovu la mgongoni mwa babu huyo alilijua kwa mkono tangu utotoni.

Nilidhani nimeshinda. Ila shangazi alikuwa amekaa muda wote akiningoja.

“Mutoto wetu hakuzaliwa kule,” akasema. “Ni muntu wa Nundu. Kama balibeba kakao na almasi, yeye alifuata mizigo kuangalia inafika wapi. Muko na ubaya gani na ye?”

Hata mimi nilitamani kupiga makofi. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nikamalizia kwa unyonge nafasi ya Ubelgiji duniani, kwamba jeshi lake ni dogo na neno lake peke yake halitishi mtu, lakini wakubwa wa Ulaya wote wanakwenda Brussels kufanya vikao vyao, na hapo ndipo wanapopanga bei, sheria na vita. Baba mkubwa akalielewa hili kuliko wanafunzi wangu wote. Mwenye nyumba ya vikao, akasema, hahitaji kuwa na nguvu, maana hakuna kikao kinacholala na njaa, na masazo yanabaki kwake.

Nikakunja ramani. Posa ilikuwa imepita, hata mtoto angeona. Ila lilikuwa limebaki swali la mwisho, lile linaloulizwa kila mara, nami katika hasira zangu nilikuwa nimelisahau.

Kwetu mwanamke akizaa mtoto wa kwanza, aliyemlea anakwenda kumkanda. Anakaa naye wiki nyingi. Asubuhi na jioni anamwogesha kwa maji ya moto, anamkanda tumbo na mgongo kwa kitambaa, anamfunga kiuno, anampikia uji na kumfukuza mumewe chumbani. Mwanamke asiyekandwa, wanasema, anabaki wazi. Sijui kama daktari angekubali, nami sijamuuliza. Najua kwamba mama yetu hakukandwa na mtu baada ya kumzaa mdogo wangu, kwa sababu tulikuwa njiani tunakimbia vita, na hakupona.

“Mutoto akizala,” baba mkubwa akasema, “nani atamukanda?”

Shangazi akanyoosha kidole kwangu. Baba mkubwa akanigeukia.

“Utafika?”

Jibu nililijua kuliko mtu yeyote pale. Nilikuwa nimesoma, chini ya mnara ule ule, mambo ya viza. Mwalimu wa Baraka mwenye mshahara wa kusubiri hafiki Ubelgiji kwa sababu ameamua. Neno moja la kweli, hapana, lingetosha: baba mkubwa angesimama, angeshukuru wageni, na mdogo wangu angebaki kwenye cherehani yake hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Nilikuwa nimetafuta neno hilo mchana mzima kwenye vilima, mvua na mabunge, na sasa lilikuwa limeletwa kwenye sahani.

Nikaangalia pazia. Miguu ya mdogo wangu ilikuwa imesimama. Vidole vilikuwa vimejikunja, kama alivyovikunja akiwa mdogo nikimchunguza kama amenawa. Nilimpenda pale kwa namna iliyoniuma.

“Nitafika,” nikasema.

Mdogo wangu aliondoka mwaka uliofuata. Baada ya muda akanipigia kwamba ana mimba, na mimi nikaanza safari ya kutimiza neno langu. Boti mpaka Kalemie, ndege mpaka Kinshasa, na ofisi moja ya maombi ya viza yenye viti vya chuma na hewa ya barafu. Msichana aliyevaa miwani akanihoji nyuma ya kioo. Je, nina mume? Nilikuwa naye, alifariki. Nina watoto? Mmoja, ndiye ninayetaka kwenda kumkanda, ila kwenye karatasi ni mdogo wangu. Nyumba ni ya nani? Nakula nini, nalipwa na nani, na nikishaondoka kitu gani kitanirudisha? Nilimweleza kuhusu wanafunzi wangu, mbuzi wangu na kaburi la mama yangu. Aliandika kwa ufupi sana. Nilitoka pale nikilijua jibu, kama ninavyojua sura za watu sokoni. Ubelgiji ilikuwa imetuma mtu wake kuja kutazama kwetu, ikapima maji na choo, na haikuridhika. Jibu lilipokuja lilisema hawaamini kwamba nitarudi. Mimi, ambaye tangu mwanzo sikutaka mtu yeyote aende.

Mtoto alizaliwa, wa kike, mnene. Nikaamua kwamba kukanda kutafanyika hata mfalme akikataa. Nilimpigia shemeji kwa simu ya picha, nimekaa kwenye jiwe chini ya mnara na mwavuli kichwani, nikamwamuru aegemeze simu yake dirishani na achemshe maji. Hakubisha. Alikuwa bado amevaa koti la kazi lenye mistari inayong'aa, na alishika kitambaa kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya. Nilimwelekeza kwa sauti ambayo soko zima lilisikia. Kamua. Weka tumboni. Panda, usishuke. Pole pole, hilo si kontena.

Mdogo wangu alikuwa amelala, amefumba macho, amekonda usoni. Mvuke ulipanda mpaka kioo cha simu kikaingia ukungu, na kwa muda sikuwaona vizuri. Nikamuuliza kama maji ni ya moto ya kutosha, au yamezidi.

“Ndiyo, yaya,” akasema.

Lakini huyu ndiye mtoto niliyemlea. Akiungua husema ndiyo, akitetemeka husema ndiyo, hataki kumsumbua mtu. Zamani nikimwogesha sikuwahi kumuuliza hata siku moja. Nilikuwa naingiza mkono wangu kwenye beseni, na beseni hili lilikuwa Antwerpen. Nikalia palepale juu ya jiwe, watu wakipita, na shemeji akadhani ni yeye anayeshika kitambaa vibaya, akaanza kuniomba samahani.